Softikopi au hadikopi: ukinunua kitabu hela yako inamfikia nani?

Hili swali linaulizwa kila siku kwenye magrupu ya wasomaji, "jamani nataka kumsapoti mwandishi, ninunue softikopi au hadikopi?" Majibu yanakuja ya kila aina, mmoja anasema karatasi ndo kitabu hayo mengine ni simu tu, mwingine anasema wenzetu walishahama zamani nyie bado mnabeba matofali, na kwenye zogo lote hilo hakuna anayejibu kilichoulizwa, yani hela. Mi naanza na hela, mambo ya macho kuuma na harufu ya karatasi tutayapitia baadae.

Msimamo wangu nautoa mapema usije ukamaliza bando bure: kwa vitabu vya Kiswahili vya huku kwetu nunua kwa mwandishi mwenyewe, akiwa na karatasi chukua karatasi, akiwa na softikopi peke yake lipia hiyo hiyo. Kwa vitabu vya nje hesabu inageuka kabisa, na kuna mahali softikopi inashinda bila ubishi. Sasa tuone kwanini.

Hela ya karatasi

Chukua riwaya iliyotolewa na mchapishaji, ipo dukani kwa shilingi 20,000. Mrabaha, yani fungu la mwandishi kwa kila nakala, kwenye mikataba mingi unazunguka kwenye asilimia 10, wachache wanafika 15. Ila asilimia 10 ya nini? Mkataba ukisema ya bei ya jaladani, mwandishi anapata 2,000. Ukisema ya hela iliyomfikia mchapishaji, basi duka linakata fungu lake kwanza, tuseme asilimia 35, inabaki 13,000, na mwandishi anaambulia 1,300. Kitabu ni kilekile na wewe msomaji umelipa elfu ishirini yako vilevile. Alafu hailipwi siku ile, mahesabu ya mrabaha yanafungwa mara moja au mbili kwa mwaka, kwahiyo kitabu ulichonunua Januari kinaweza kumfikia mwenyewe wakati wewe hata jina la mhusika mkuu umeshasahau.

Usikimbilie kumtukana mchapishaji lakini. Ile hela iliyobaki imelipa mhariri, imelipa mchora jalada, imelipa kiwanda cha uchapaji, imelipa stoo, na imelipa nakala ambazo hazijauzwa na pengine hazitauzwa. Mkuki na Nyota pale Dar, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, imekuwa ikitoa vitabu vya Kiswahili miaka yote hii kwenye soko ambalo fedha nene ipo kwenye vitabu vya shule, riwaya na mashairi vinajikongoja nyuma. Ukiingia duka la vitabu la TPH pale Samora ukanunua kitabu chao, mwandishi anapata kidogo kwa nakala ndio, ila umelipia pia uwezekano wa kitabu kingine kutoka. Hilo nalo ni kusapoti waandishi, japo sio yule mmoja unayemfikiria.

Kwa majirani Kenya kuna jambo la ziada, kodi. Tangu sheria ya VAT ya 2013 vitabu vinatozwa asilimia 16, kwahiyo mtu akitoa shilingi 1,160 za Kenya dukani, 160 imeenda serikalini kabla hata duka halijagusa chake. Wachapishaji wa kule wamelia sana na hiyo kodi, na bado ipo.

Sasa yule anayejichapishia. Huyu ndo wengi mnakutana naye Facebook na Instagram, ameandika mwenyewe, kalipa mhariri kama kabahatika, kaenda kuchapisha nakala mia tatu au mia tano. Uchapaji una tabia moja, nakala zikiwa chache kila moja inakuwa ghali, maana gharama ya kuandaa mashine ni ileile uchape mia au elfu tano, na karatasi ya vitabu kwa sehemu kubwa inaagizwa nje kwahiyo dola ikipanda na yeye anapanda nayo. Tuseme kila nakala imemgharimu 6,000 na anauza 15,000. Akikuuzia mkononi anabaki na 9,000. Linganisha na ile 1,300 ya juu alafu nyamaza kidogo.

Ila akipeleka dukani hadithi inabadilika. Duka linakata theluthi au zaidi, tuseme 5,000, inabaki 10,000, toa 6,000 ya uchapaji, anapata 4,000. Na maduka mengi yanapokea kwa mali kauli, yani kitabu kikiuzwa ndo alipwe, kisipouzwa aje achukue mzigo wake, na kufuatilia hiyo hela ni kazi nyingine, leo mhasibu hayupo, kesho njoo mwisho wa mwezi. Waandishi wengi wanaojichapishia wakikwambia "nicheki inbox" wala sio ushamba, wanakimbia hiyo safari.

Hela ya softikopi

Hapa watu wanadhani kwa vile hakuna karatasi wala kiwanda basi mwandishi anakula yote. Inategemea anauzia wapi.

Tuanze na Amazon maana ndo jina linalotajwa kwanza. Mwandishi anayejiwekea kitabu mwenyewe kule anaweza kupata asilimia 70 kama bei ipo kati ya dola 2.99 na 9.99. Hiyo 70 ndo wanayoipigia promosheni kila mtu. Kisichosemwa kwa sauti ni kwamba asilimia 70 inategemea na mnunuzi yupo nchi gani, kuna orodha, Marekani ipo, Uingereza ipo, Kanada ipo, Tanzania na Kenya hazipo. Mnunuzi akiwa nje ya orodha mwandishi anapewa asilimia 35. Kwahiyo wewe ukiwa Sinza umenunua kitabu cha dola 2.99, mwandishi wako wa Morogoro anapata kama dola 1.05, ambayo dola ikiwa kwenye 2,500 ni kama 2,600 hivi. Sio mbaya ukilinganisha na mrabaha wa mchapishaji, ila sio ile pepo iliyotangazwa.

Ndugu yako wa Texas akinunua kitabu hichohicho, mwandishi anapata asilimia 70, toa gharama ya kusafirisha faili ambayo ni senti 15 kwa kila MB, riwaya ya maneno matupu haili sana, tuseme inabaki dola 2 na kitu. Hapo sasa inaingia kodi ya Marekani. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, Kenya pia haina, kwahiyo mrabaha uliotoka kwa wanunuzi wa Marekani unakatwa asilimia 30 hapohapo, inabaki kama dola 1.40. Alafu inalipwa kama siku 60 baada ya mwezi wa mauzo kuisha, alafu itafute njia ya kufika, wengi wanapitia Payoneer, huduma ya kupokea malipo ya nje, na huko nako kuna makato. Kitabu chenye picha nyingi kama cha watoto ni balaa zaidi maana faili ni nzito na ile gharama ya MB inakula asilimia 70 yote, mtu anajikuta bora achague 35 ambayo haina hayo makato.

Kuna na ule mpango wa kulipia kwa mwezi na kusoma utakavyo, Kindle Unlimited (Kindle ni jina la mashine ya Amazon ya kusomea na softikopi zake). Kule mwandishi halipwi kwa kitabu, analipwa kwa kurasa zilizosomwa, na ukurasa mmoja ni chini ya nusu senti ya dola. Ukisoma kurasa kumi ukakiacha, kapata kama senti nne au tano. Ukimaliza kurasa mia tatu kapata dola moja na kidogo. Na kuweka kitabu humo anabanwa softikopi yake isiuzwe mahali pengine popote, hata yeye mwenyewe asiuze. Halafu kwa Kiswahili kuna tatizo la msingi zaidi, kwa miaka mingi Amazon hawakukiweka Kiswahili kwenye orodha ya lugha za vitabu vya Kindle, Kiafrikana kimo, Kiwelisi kimo, sisi wenye mamilioni ya wasemaji tumekaa nje. Ndo maana ukitafuta kule riwaya za hawa waandishi unaowapenda wengi huwakuti.

Wako wapi? Wako WhatsApp. Hii ni biashara ambayo ukimwelezea mtu wa nje haamini, mwandishi anaachia sehemu ya kwanza mpaka ya kumi Facebook bure, hadithi inafika pale mume anafungua mlango, "ITAENDELEA", na chini namba ya simu: anayetaka yote buku tatu au buku tano, ukishatuma unaingizwa kwenye grupu au unatumiwa PDF. Hapo hamna duka, hamna asilimia, hamna kusubiri siku 60. Kitabu cha 5,000 kinamwingizia 5,000, kasoro makato ya kutoa kwa wakala. Na gharama yake ya nakala ya pili, ya mia, ya elfu, ni sifuri.

Kwa hizo namba zangu za mfano, kwenye kitabu kimoja mwandishi anabaki na hivi:

Hadikopi ya mchapishaji dukani (20,000): 1,300 mpaka 2,000
Hadikopi aliyojichapishia, ikiuzwa dukani (15,000): kama 4,000, akilipwa
Hadikopi aliyojichapishia, ukinunua kwake (15,000): kama 9,000
Softikopi Amazon ukiwa huku (dola 2.99): kama 2,600
Softikopi Amazon, mnunuzi yupo Marekani (dola 2.99): kama 3,500 baada ya kodi
Softikopi kwake WhatsApp (5,000): karibu 5,000 yote

Ukiangalia vizuri, kinachotenganisha hizo namba ni nani yupo katikati kuliko karatasi na skrini. Hadikopi ina mshindi na ina wa mwisho, softikopi pia. Ila kuna kitu ile orodha haionyeshi: yule wa 9,000 alishatoa mfukoni milioni tatu kuchapa nakala mia tano kabla hajauza hata moja. Nakala zikikaa uvunguni mwa kitanda mwaka mzima ile faida ipo kwenye makaratasi tu. Wa WhatsApp hakuweka kitu zaidi ya muda na bando. Kwahiyo ukisikia mwandishi anafungua oda za kulipia kabla, yani ulipe sasa kitabu kitoke mwezi ujao, na unamwamini, hapo ndo hela yako ina nguvu kuliko wakati wowote maana inapunguza mkopo wa uchapaji. Usipomwamini subiri kitoke, wapo waliochukua hela za watu wakazima simu, na hao wamewaharibia wengi.

Vitabu vya nje

Hapa sahau nusu ya niliyosema. Mwandishi mwenye mchapishaji mkubwa wa London au New York huwezi kumfuata inbox umpe hela. Mikataba ya kawaida ya kule inampa asilimia 25 ya kinachomfikia mchapishaji kwenye softikopi, na kwenye karatasi ni kama 7.5 ya bei kwa jalada laini, 10 mpaka 15 kwa jalada gumu. Piga hesabu: softikopi ya dola 10 mchapishaji anapokea kama 7, mwandishi anapata 1.75. Jalada laini la dola 16, anapata 1.20. Jalada gumu la dola 28, anapata 2.80. Sasa nani huku kwetu ananunua jalada gumu la dola 28 pamoja na usafiri na ushuru? Kwahiyo ukinunua softikopi ya kitabu cha nje unatumia hela ndogo na mwandishi anapata zaidi kuliko kwenye jalada laini. Na cha mtumba kilichopangwa chini barabarani, ambacho ni halali kabisa na mi nanunua sana, mwandishi hapati kitu, aliyekula ni mnunuzi wa kwanza huko Ulaya na huyu mchuuzi wa hapa. Nunua kwa raha zako ila usijipige kifua kwamba umesapoti.

Softikopi inashinda na kwenye kupatikana. Abdulrazak Gurnah aliposhinda Nobel Oktoba 2021, ghafla Watanzania kibao wanataka kumsoma mtu wa Unguja ambaye walikuwa hawajawahi hata kumsikia, na nakala za karatasi zilikuwa shida hata huko Ulaya na Marekani kwenyewe. Aliyekuwa na kadi ya benki alipakua softikopi usiku uleule. Lakini aliyetaka kumsoma kwa Kiswahili alisubiri mpaka 2022, Mkuki na Nyota walipotoa Peponi, riwaya yake iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, na hicho ni kitabu ambacho ningekwambia nunua karatasi bila kufikiri mara mbili, sababu ukikinunua dukani unawaonyesha wachapishaji kwamba tafsiri za Kiswahili zinauzika.

Ukishalipa, ni chako?

Hadikopi ni yako. Utaazimisha, utauza, utamrithisha mwanao, utazungushia maandazi ukitaka. Softikopi ya kwenye maduka makubwa umepewa ruhusa ya kusoma tu, na siku hizi wanalazimika kusema wazi, kuna sheria ya California iliyoanza Januari 2025 inayowabana wasitumie neno kununua kiholela kama mteja anapata leseni tu. Visa vipo. 2009 Amazon walifuta vitabu vya George Orwell ndani ya Kindle za watu kwasababu aliyeviweka hakuwa na haki, walirudisha hela lakini watu waliamka kitabu hakipo. 2019 Microsoft walifunga duka lao la vitabu, vyote vikayeyuka, hela zikarudishwa. Februari 2025 Amazon wakaondoa njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya wa USB.

PDF au EPUB (faili la kitabu ambalo herufi zake zinakuzwa na kujipanga upya) uliyotumiwa na mwandishi haina hayo, ipo kwenye simu yako hakuna wa kuifuta. Simu ikiibiwa nayo imekwenda, kwahiyo jitumie kwenye imeli. Na karatasi nayo isisifiwe sana, mwenye vitabu Tanga au Zanzibar anajua unyevu wa pwani unavyovipandisha ukungu, mchwa wakipata kabati ndo usiseme, na vile vitabu vya kubandikwa gundi vya bei rahisi ukivifungua mara tatu kurasa zinaanza kuhama kwenye jalada.

Magendo

Kila upande una wezi wake. Nairobi mjini kuna nakala za barabarani mpya kabisa kwa bei ya ajabu, kitabu kinachouzwa shilingi 1,500 za Kenya dukani unapewa kwa 400. Hicho sio mtumba, kimedurufiwa. Utakijua kwa wino uliofifia, maandishi yamepinda ukurasani, jalada limekatwa hovyo na karatasi nyembamba unaona ya upande wa pili. Vitabu vya kusomwa shule kwenye fasihi ndo vinaliwa zaidi, maana wanafunzi ni wengi na soko lina uhakika.

Upande wa softikopi mwizi ni wewe na mimi. Mtu analipa buku tano anatumiwa PDF, saa hiyohiyo anairusha kwenye grupu la watu mia mbili hamsini na emoji ya kucheka. Pale mwandishi hajapoteza wanunuzi mia mbili hamsini, wengi wasingelipa hata kidogo, ila wale ishirini ambao wangelipa ndo walikuwa kodi ya chumba chake. Waandishi wamejiongeza, wengine wanaandika jina na namba ya mnunuzi kwenye kila ukurasa ili ikivuja ijulikane imetokea kwa nani, wengine wanafunga faili kwa nywila, wengine wanaachia sehemu moja moja kila usiku kwenye grupu. Hayo yote ni usumbufu kwa msomaji mwaminifu, na hii ndo sababu mi nikikuta mwandishi ana karatasi nachukua karatasi, hainiwekei namba yangu ya simu kila ukurasa.

Kuazimana je? Hadikopi ikizunguka kwa majirani saba mwandishi kalipwa mara moja, kweli. Lakini haiwezi kuwa kwa watu saba kwa wakati mmoja, na wapo wanaoazima kitabu kimoja wakampenda mwandishi wakatafuta vingine kwa hela yao. Kuazima hakumuui mtu. Kurusha kwenye grupu ni kuchapa nakala.

Kusoma kwenyewe

Hapa nitapita haraka maana kila mtu na macho yake. Simu inasomeka, watu wanamaliza riwaya nzima ndani ya mwendokasi wamesimama, faili ya riwaya ni MB moja mbili tu hata bando la buku halistuki. Tatizo ni kwamba kitabu kinakaa nyumba moja na WhatsApp. Uko pale mpelelezi anamfunua muuaji, juu inashuka meseji "shem vipi upo?" na ndo umeshaondoka. Zile mashine za kusomea tu kama Kindle zinatibu hilo na macho hayaumi, chaji inakaa wiki kadhaa, ila bei yake ni vitabu kumi na tano vya karatasi, kwahiyo kama unasoma vitano kwa mwaka piga hesabu tena.

Watoto, karatasi. Mtoto ukimpa kitabu kwenye simu baada ya dakika mbili yupo YouTube.

Wazee na wenye uoni hafifu, softikopi, na hapa hakuna mashindano. EPUB unaikuza herufi mpaka neno moja lijaze mstari, na simu za Android zina sauti ya Kiswahili inayoweza kumsomea, sio tamu lakini inaeleweka. Ila iwe EPUB au PDF yenye maandishi ya kweli, zile PDF za kupiga picha kurasa kwa simu hazikuzwi vizuri wala hazisomwi kwa sauti.

Ukiwa mbali

Mtu wa Mwanza anayenunua kwa mwandishi wa Dar hana shida, kitabu kinapelekwa stendi ya Magufuli pale Mbezi kinapanda basi kesho yake unakifuata, unaongeza elfu chache. Kenya nako vifurushi vinapanda matatu na mabasi kila siku, na maduka kama Nuria pale Nairobi yamejijengea jina kwa kubeba vitabu vya waliojichapishia ambavyo maduka makubwa hayavitaki.

Aliye Muscat, Leeds au Minnesota ndo mwenye mtihani, usafiri wa ndege unaweza kuzidi bei ya kitabu mara mbili tatu, na hiyo ziada haimfikii mwandishi hata senti. Huyu anunue softikopi. Kama ni mchapishaji anayeuza nje kupitia African Books Collective, wale wa Oxford walioanzishwa 1985 na wachapishaji wa Afrika wenyewe, anaweza kupata hata karatasi, inachapwa kulekule kwa oda. Njia nyingine ni ile ya kizamani, unalipa kwa mwandishi, kitabu kinawekwa kwa dada yako Temeke, anayekuja likizo anakibeba.

Basi mi ningefanya hivi

Mwandishi wa Kiswahili anayejichapishia, na wewe upo nchi moja naye: hadikopi, kwake, usipite dukani. Hela haitoshi? Softikopi kwake, wala usione aibu, 5,000 inayofika yote inamsaidia kuliko 20,000 iliyomfikia kama 1,300.

Mwandishi mwenye mchapishaji wa hapa: hadikopi dukani au kwa mchapishaji. Muulize mwandishi kwanza kama anazo nakala, wengi wanaruhusiwa kununua nakala zao kwa punguzo na kuziuza wenyewe, hapo anapata faida ya duka na mrabaha kwa mikataba mingine. Wenye nafasi ya kufika Sarit Centre Septemba kwenye maonesho ya vitabu ya Nairobi wananunua kwa wachapishaji uso kwa uso.

Kitabu cha nje cha kusoma mara moja: softikopi. Cha kurudia rudia au cha kazi: karatasi ya mtumba ukikipata, na kama roho inakusuta nunua softikopi ya kitabu chake kipya.

Na yule ambaye hana hela kabisa asijifiche kwenye PDF za magendo akidhani hana cha kutoa. Maktaba ya Taifa pale Bibi Titi ipo, ilifunguliwa 1967 na bado watu wanaipita kwenda Kariakoo. Ukisoma ukapenda, andika mistari mitatu uweke picha ya jalada na namba ya mwandishi, kwa hawa wanaojiuzia wenyewe posti moja ya msomaji inaleta oda kuliko tangazo la kulipia.

Kwa wanaonunua WhatsApp, kabla hujatuma hela muulize mambo matatu: ni PDF au EPUB, ni kitabu kizima au sehemu sehemu, na jina litakalotokea kwenye muamala ni nani maana matapeli wanaiba majalada ya watu na kuweka namba zao. Vikikaa sawa tuma, na kama bei ni 5,000 weka na ya kutolea.